Bangili ya Sita

"Hongera, Bibi. Umepona."

Bi. Zuwena Shekue alimtazama kijana wa dirishani asijue acheke au amtukane. Moyo wake ulikuwa mgonjwa kwa miaka kumi na moja. Kutoka mlangoni mpaka pale dirishani alikuwa ameshapumzika mara mbili, na mara ya pili alijifanya anasoma tangazo ukutani ili watu wasimwonee huruma. Sasa huyu, shati limenyooka kwa pasi, kibandiko kifuani kimeandikwa Semkiwa, anampa hongera.

"Nimepona nini?"

"Moyo." Semkiwa akakigeuza kioo cha kompyuta yake kimwelekee. "Wiki iliyopita, kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi, kipimo chako kimeleta mapigo ya mtu mzima wa afya. Ijumaa peke yake umetembea hatua elfu kumi na saba. Mfumo umekutoa kwenye orodha ya wagonjwa wa kudumu. Plasta zako zimesimamishwa."

"Mpaka lini?"

"Aliyepona hapewi dawa, Bibi."

Bi. Zuwena hakuwa mtu wa kupandwa na hasira taratibu. Zilimjia zote kwa mkupuo. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na minane, amesikia uongo wa kila rangi, lakini hajawahi kuambiwa kwamba yeye mwenyewe ndiye uongo. Aliinua pindo la gauni lake mpaka juu ya kifundo, akaunyoosha mguu mbele ya dirisha. Ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa.

"Huu nao umepona?"

"Sisi hatuangalii miguu, Bibi," Semkiwa akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi zaidi. "Macho yanakosea. Kipimo hakikosei."

Ndivyo ulivyokuwa Mfuko wa Uzima wa Tanga. Zamani, Bi. Zuwena akiwa msichana, mtu akiumwa alikuwa anamwona daktari, daktari anamgusa, anamuuliza. Siku hizi kila anayekula dawa ya kudumu anavaa kipimo mkononi, mwezi ukiisha kipimo kinasema na mfumo, mfumo unasema na dirisha, na dirisha linatoa boksi. Plasta thelathini za moyo, moja kwa siku, unabandika chini ya mtulinga. Bila plasta, Bi. Zuwena alijua hali yake. Mara moja kivuko kilichelewa kuleta mzigo, akakaa siku nne bila kubandika, siku ya tano wakamwokota bafuni.

Nyumbani zilikuwa zimebaki tano.

"Sikiliza mwenyewe," Semkiwa akasema, akabonyeza kitu.

Moyo ukaanza kusikika kutoka kwenye kioo. Ulikuwa moyo wa kijana, imara, wenye haraka ya mtu anayecheza. Bi. Zuwena aliusikiliza kwa chuki. Kisha, katikati ya mwendo ule mzuri, ukajikwaa. Ukapiga mara mbili haraka, ukanyamaza, halafu ukapiga pigo moja zito. Ukaendelea kama hakijatokea kitu.

"Hiyo ni Ijumaa, saa tisa alasiri," Semkiwa akasema. "Mfumo unasema ni mabaki madogo ya ugonjwa wako. Yataisha."

Bi. Zuwena alishika ukingo wa dirisha. Mpigo ule wa kujikwaa aliujua. Ulikuwa wa kwake mwenyewe, wa miaka kumi na moja. Kabla ya hapo ulikuwa wa mdogo wake Mwanahija, aliyekufa jikoni akisema ni gesi tumboni, na kabla ya Mwanahija ulikuwa wa mama yao. Ulikuwa wa ukoo. Na Ijumaa saa tisa alasiri bangili yenye kipimo haikuwa mkononi mwake. Ilikuwa mkononi mwa Salha, binti pekee wa Mwanahija, mbele ya ngoma ya arusi yake.

"Lakini kama kuna mtu mwingine alikivaa," Semkiwa alikuwa akiendelea, sasa amepunguza sauti, "unaweza kusema. Kanuni iko wazi. Anayetaja anasamehewa, dawa zake zinarudi palepale. Anayetajwa anaondolewa Mfukoni miaka miwili, na mapigo yale yanahamia kwenye faili lake."

"Na nikisema ni mimi niliyecheza?"

"Basi utapanda ngazi ya ukaguzi, ile pale nyuma. Vidato ishirini na vinne, ukiwa umevaa kipimo. Ukivimaliza vizuri, umepona. Ukishindwa," akakuna shingo, "mfumo utauliza moyo wa Ijumaa ulikuwa wa nani. Watatafuta, na wakimpata wao wenyewe bila wewe kumtaja, mnaondolewa wote wawili. Au saini tu kwamba umekubali umepona, mambo yaishe. Mwisho Jumatatu."

"Nyinyi," Bi. Zuwena akasema, "mna laana."

Akageuka akaondoka. Alipumzika mara tatu kabla ya kuufikia mlango, na safari hii hakujifanya anasoma chochote.

* * *

Alikwenda moja kwa moja kwa Fundi Harji, Barabara ya Tatu, maana hasira zikikosa pa kwenda humrudia mwenyewe kifuani, na kifua chake hakikuwa na nafasi.

Harji alikuwa sonara, baba yake sonara, babu yake sonara. Alikuwa ameinama kwenye taa ndogo, miwani imeshuka puani. Alipomwona Bi. Zuwena alizima moto, akamvutia kiti.

"Umeniua, Fundi."

"Kaa kwanza ndipo ufe, Bi. Zuwena."

Akakaa. Hata katika hali ile alikuwa amevaa kama alivyovaa siku zote: gauni la kitambaa kizito lililoshonwa kwa vipimo vyake, mtandio wa rangi ya gauni, viatu vya kisigino kifupi, na bangili sita za dhahabu mkono wa kushoto. Mitindo ilikuja na kupita mjini, watu wakavaa mavazi yanayobadilika rangi wenyewe, wakavaa viatu vinavyoongea. Yeye hakujali. Alikwenda mahakamani hivyo tangu ajira yake ya kwanza, na aliapa atazikwa akiwa na heshima hiyohiyo.

Ndiyo maana Mfuko ulipomfunga mpira mweusi mkononi, miaka mitatu iliyopita, aliona amedhalilishwa. Mpira ulikuwa mpana, unanuka jasho, umeandikwa namba, kama anavyofungwa mbuzi wa mnada. Siku ya kwanza kuuvaa na gauni lake la kijani hakutoka nje. Siku ya pili aliuleta kwa Harji, akaweka mkono juu ya meza, akasema nitengenezee hiki nacho nionekane mtu.

Harji aliifanya kazi ile kwa wiki mbili. Ndani ya mpira kulikuwa na kidude cha ukubwa wa punje ya mbaazi, ndicho kinachosikia mapigo na kuhesabu hatua. Kulikuwa pia na uzi wa umeme unaozunguka mkono mzima, ili mtu akifungua mpira uzi ukatike na Mfuko ujue kipimo kimevuliwa. Harji alikitoa kidude, akakilaza kwenye tumbo la bangili mpya, upande unaogusa ngozi. Uzi akautupa. Badala yake umeme aliupitisha kwenye dhahabu yenyewe, duara zima. Bangili ile ilifanana na dada zake watano kiasi kwamba Harji mwenyewe aliweka nukta ndogo ndani ili asiichanganye. Mfuko uliikagua, ukaona inasoma vizuri, ukagonga muhuri. Bi. Zuwena aliwaringia wanawake wa mtaa mzima.

"Duara halikatiki," Harji akasema sasa, baada ya kusikia habari yote. Alikuwa amejishika kichwa. "Haina kifungo. Ukiivua ukaiweka mezani inakosa mapigo, inapiga kelele. Lakini ukiitoa mkono mmoja ukaitia mwingine papo hapo, itajuaje? Kwake ni mkono uleule. Nilikuambia usiivue."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia, Bi. Zuwena! Hapa, kwenye kiti hiki."

"Uliniambia nisiiloweshe kwenye jiki!"

Na hilo lilikuwa kweli.

Na hata kama angeambiwa, angefanyaje? Kwao, dhahabu ya arusi haiwekwi chini. Inatoka mkononi mwa mkubwa wa upande wa mama, inateleza kwa sabuni, inaingia mkononi mwa bibi arusi bila kugusa meza wala sahani, na siku ya tatu inarudi vilevile. Mama yake Zuwena alimvika hivyo. Yeye alimvika Mwanahija hivyo. Salha hana mama. Nani mwingine wa kumvika? Na ni mtu gani anamvika yatima bangili tano akabakiza moja, watu wanahesabu? Aliikumbuka ile nukta, ndiyo. Alisema moyoni, siku tatu tu, kitahesabu hatua za mtoto badala ya zangu, kitanipa sifa kidogo.

"Mtaje basi," Harji akasema polepole. "Ni kijana. Miaka miwili ataivumilia. Wewe hizo plasta tano zikiisha, hutavumilia hata wiki."

"Salha anaendesha kreni bandarini. Unajua cheti cha kreni kinatoka wapi? Mfukoni. Mapigo yale yakihamia faili lake, kazi hana. Wanamnyang'anya kazi kwa sababu ni mgonjwa, halafu wanamnyima dawa ya ugonjwa huohuo kwa sababu alivaa dhahabu ya mama yake mkubwa." Sauti yake ilipanda mpaka wapita njia wakageuka. "Nimtaje kwa nani? Kwa mbwa wale?"

"Hajui kama anaumwa?"

"Hajui."

Harji aliwasha taa yake, akaizima tena.

* * *

Jumapili Salha alikuja kumsalimia, kama ilivyo ada ya bibi arusi kuwatembelea wakubwa wake baada ya siku za mwanzo. Alikuja na bakuli la biriani na hina ikiwa bado imekolea mikononi. Alimkuta Bi. Zuwena amelala kwenye kochi, miguu juu ya mito.

"Shikamoo, Mamkubwa. Mbona hivi?"

"Marahaba. Kaa hapo. Nataka nikuulize kitu na usinizungushe." Bi. Zuwena alijiinua kwa kiwiko. "Ijumaa, ngoma ilipokolea, kuna wakati ulishika ukuta?"

Salha alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka.

"Nani kakwambia? Hata mume wangu Idrisa hakuona."

"Ni mara ya ngapi?"

Yule binti alitazama hina yake. "Sijui. Mara ya nne. Ya tano. Moyo unaruka, halafu unakaa sawa. Nikajua ni uchovu wa arusi."

Bi. Zuwena akamweleza yote, kuanzia dirishani. Alimweleza bila kumpaka mafuta, kwa sauti ya karani anayesoma shauri. Akamwambia atafute daktari wa pembeni, yuko mmoja Muheza asiye na uhusiano na Mfuko, amlipe atakachotaka, asimwambie mtu. Yeye kesho atakwenda kuweka saini kwamba amepona.

"Ukishaweka saini?"

"Nina plasta mbili."

"Nimekuuliza, ukishaweka saini, Mamkubwa?"

"Nimeishi miaka sitini na saba. Inatosha."

Salha alisimama. Bi. Zuwena alitarajia machozi, na alikuwa ameshaandaa maneno ya kumbembeleza. Hakupata machozi.

"Nani kakutuma?" Salha akasema. "Nani kakwambia uniamulie? Nyumba hii ndiyo tabia yenu. Mama alijua anaumwa, akaficha, eti asinitie hofu nina mitihani. Nikatoka mtihanini nikakuta anaoshwa! Sasa na wewe unataka kufa kimyakimya, halafu mimi niishi nikijua nimebeba roho yako?"

"Punguza sauti, we mtoto."

"Sipunguzi! Na kreni je? Umeifikiria? Umekaa hapo unapanga nikafiche ugonjwa, niendelee na kazi. Mimi nakaa juu mita hamsini, chini yangu kuna watu. Kontena moja tani thelathini. Moyo ukiruka pale nimeshika usukani, nitawaambia nini watoto wa wale watu? Kwamba mama yangu mkubwa alinihurumia?"

Siku tatu nzima Bi. Zuwena alikuwa amewachukia watu wa Mfuko, amemchukia Semkiwa na mashati yake, amejichukia mwenyewe na fahari yake ya dhahabu. Watu wa chini ya kreni hakuwafikiria hata dakika moja. Aliona aibu, na aibu ikamtia hasira upya, kwa kuwa sasa hapakuwa na njia yoyote iliyo safi.

"Watakuondoa miaka miwili," akasema. "Bila dawa. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa."

"Huelewi. Mimi nimeokotwa bafuni, wewe hujaokotwa."

"Kesho nakupitia saa mbili," Salha akasema, akaliacha biriani mezani, akatoka bila kuaga.

* * *

Jumatatu foleni ilikuwa ndefu. Salha alisukuma watu akamfikisha Bi. Zuwena dirishani, na kabla Semkiwa hajasalimia akaweka mkono wake juu ya kaunta.

"Kipimo nilikivaa mimi. Andika."

Semkiwa akawaangalia wote wawili. Aliandika kidogo, akasimama, akafuta, akaandika tena. Shingo yake ikaanza kutoka jasho.

"Haikubali," akasema. "Hapa kuna sehemu mbili tu, anayetaja na anayetajwa. Anayetaja ni lazima awe mwenye kipimo. Dada akijitaja mwenyewe, mfumo unachukulia Bibi alificha, na mnaondolewa wote. Ni lazima Bibi amtaje kwa mdomo wake. Hapa, kwenye kinasa sauti."

"Mtaje! Mbona rahisi?" mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti. "Tunachelewa!"

"Funga mdomo wako!" Bi. Zuwena akamgeukia, na yule mtu akaufunga.

Salha alimshika bega. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Nitaje, Mamkubwa."

"Sitaki."

"Najua hutaki. Nitaje."

Bi. Zuwena alikisogelea kile kinasa sauti mpaka pumzi yake ikakigusa. Alikuwa na hamu ya kukitemea mate. "Salha binti Mwanahija," akasema, kila herufi waziwazi. "Mtoto wa mdogo wangu. Hakuiba, hakudanganya. Nilimvika mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu mama yake amekufa na nyinyi hamkuwepo. Mmesikia? Mpeni na hilo faili lake."

Kioo kilimulika. Semkiwa akasoma kilichoandikwa, kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu. Cheti cha kreni kimefutwa. Uanachama umesitishwa miezi ishirini na nne. Baada ya hapo mhusika anaruhusiwa kuomba kuingizwa kwenye orodha ya wagonjwa wa moyo.

"Na hiyo miezi ishirini na nne?" Salha akauliza.

"Sijui, dada." Ilionekana kweli hajui, na kwamba hakuwahi kuulizwa. "Bibi amesamehewa."

Droo ikafunguka, boksi likatoka. Plasta thelathini.

Bi. Zuwena alilichukua. Hakuliingiza mkobani. Alilirarua palepale, akazimwaga plasta juu ya kaunta, mbele ya dirisha, akaanza kuzigawa kwa vidole vyake vinene vilivyovimba.

"Hii yako. Hii yangu. Hii yako. Hii yangu."

"Mamkubwa, acha."

"Nyamaza. Jana uliniamuru mimi. Hii yako. Hii yangu."

"Bibi, hairuhusiwi," Semkiwa akasema, amenyanyuka nusu kwenye kiti. "Dozi ni moja kwa siku. Ukiruka siku kipimo kitaonyesha."

"Kionyeshe."

Aligawa mpaka zikaisha, kumi na tano huku na kumi na tano huku, na katika foleni nzima hakuna aliyelalamika tena kwamba anachelewa. Kisha akachukua moja ya fungu la Salha, akaibandua karatasi, akamfungua yule binti kitufe cha juu cha gauni bila kumwomba ruhusa, akaibandika chini ya mtulinga, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika.

"Leo zamu yako," akasema. "Kesho yangu."